Nusu hatua: kisa cha goti la Victor Wanyama

Amsterdam, tarehe 8 Mei 2019, mapumziko. Tottenham wamefungwa 2-0 na Ajax kipindi cha kwanza, na kwa jumla ya mechi mbili za nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wako nyuma 3-0. Kocha wao, Mauricio Pochettino, anafanya badiliko moja: anatoka Victor Wanyama, jezi namba 12, anaingia Fernando Llorente, mshambuliaji mrefu wa kupokea mipira ya juu. Kabla ya filimbi ya mwisho Lucas Moura ameshafunga mabao 3 na Tottenham wameingia fainali ya kwanza ya mashindano hayo katika historia yao.

Badiliko lile lilieleweka. Timu ilihitaji mabao, na saa kama hiyo kiungo mkabaji ndiye hutolewa kwanza. Lakini miaka miwili nyuma Pochettino alikuwa akianza kupanga kikosi chake na Wanyama. Msimu wa 2016-17 Mkenya huyo alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Msimu uliofuata 18, kisha 13, kisha 2. Kisa chote kimo ndani ya hesabu hiyo. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1991, kwa hiyo mteremko ulimkuta na miaka 26, umri ambao viungo wa namba yake kwa kawaida ndipo wanapoiva. Wanaosema tu kwamba "alishuka kiwango" wanapita juu juu. Kilichoshuka kilikuwa na mahali pake mwilini na tarehe yake, na kilimharibia kazi moja mahususi.

Kazi yenyewe

Tottenham ya 2016-17 ilikabia juu. Mpira ukipotea karibu na boksi la mpinzani, Harry Kane, Dele Alli na Christian Eriksen waliuvamia palepale, na wakati huo mabeki wa pembeni, Kyle Walker kulia na Danny Rose kushoto, walikuwa wameshavuka mstari wa kati. Mpangilio wa namna hii una shimo linalojulikana: mpinzani akifaulu kutoa pasi ya kwanza ikapita ile presha, mbele yake pana uwanja mpana na mabeki wawili tu wa kati, Toby Alderweireld na Jan Vertonghen. Wanyama ndiye aliyeliziba shimo hilo.

Alianza kuliziba kabla mpira haujapotea. Timu ikishambulia kulia, hakubaki katikati. Alijisogeza mita kadhaa upande uleule, nyuma ya Walker, mwili umekaa mshazari ili asilazimike kugeuka kwanza ndipo akimbie. Pasi ya mpinzani ikitoka, alikuwa na uamuzi wa kufanya. Kama mpokeaji bado amelipa mgongo lango la Tottenham, Wanyama alimfuata kwa kasi ili afike pamoja na mpira: bega linatangulia, mguu unazunguka mbele kuupokonya. Kama mpokeaji ameshageuka, hakumrukia. Alirudi nyuma akimsukumia pembeni mpaka Walker au Rose wawahi kurudi. Akishaupata mpira, aliutoa mapema, mguso mmoja au miwili, kwa Mousa Dembélé. Dembélé ndiye aliyeubeba na kupita watu.

Urefu wa sentimita 188 na kifua chake vilimfaa sana kwenye lile bega la kwanza. Watazamaji huona nguvu, na wengi walimwita mbabe. Nguvu ilikuwa ya kumalizia tu. Kilichomfanya awe bora ni kuwahi: mpokeaji alikuta mtu mgongoni kabla hajaamua atageukia wapi. Kiungo mkabaji mwenye nguvu asiyewahi huvuna faulo.

Matokeo ya msimu ule yanasema mengi. Tottenham walimaliza wa pili kwa pointi 86 nyuma ya Chelsea wenye 93, walifungwa mabao 26 tu, machache kuliko timu yoyote ya ligi, na nyumbani hawakupoteza mechi ya ligi hata moja: ushindi 17, sare 2. Tarehe 4 Januari 2017 waliikatisha Chelsea iliyokuwa imeshinda mechi 13 mfululizo, 2-0. Siku hiyo Eric Dier alishuka kuwa beki wa tatu wa kati, na katikati wakabaki Wanyama na Dembélé peke yao. Watu wawili kushikilia katikati yote dhidi ya timu iliyokuwa ikiongoza ligi, hiyo si kazi ndogo, na waliifanya bila timu kuruhusu bao.

Mabao yake manne ya ligi msimu ule yalikuwa nyongeza, ila mawili yanakumbukwa. La kwanza lilikuwa la kichwa dakika za mwisho dhidi ya Crystal Palace, Agosti 2016, lililoleta ushindi wa 1-0. Jingine, la kichwa pia, lilifungwa dakika ya 6 dhidi ya Manchester United tarehe 14 Mei 2017 kutokana na krosi ya Ben Davies, katika mechi ya mwisho kabisa kuchezwa White Hart Lane kabla ya uwanja huo kubomolewa.

Jinsi alivyofika pale

Njia ya kufika haihitaji maelezo marefu, isipokuwa mambo mawili yanayogusa kisa hiki. Mtoto wa Muthurwa, Nairobi, baba yake Noah aliyechezea AFC Leopards, kaka yake McDonald Mariga. Akaenda Helsingborg, Sweden, alikokuwa kaka yake, akarudi Kenya, kisha Germinal Beerschot ya Ubelgiji. Mwaka 2011 Celtic walimnunua, Neil Lennon akiwa kocha, na alichagua jezi namba 67 kwa heshima ya kikosi cha Celtic kilichotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Tarehe 7 Novemba 2012 alifunga kwa kichwa kona ya Charlie Mulgrew dhidi ya Barcelona, Celtic wakashinda 2-1. Julai 2013 Southampton walilipa pauni milioni 12.5, bei ambayo hakuna klabu ya Scotland iliyowahi kuipata kwa mchezaji hadi siku hiyo, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Aliyekuwa akimsubiri Southampton alikuwa Pochettino.

Jambo la kwanza ni kibali cha kazi. Kwa kanuni za Uingereza za wakati ule, mchezaji kutoka nje ya Ulaya alipata kibali moja kwa moja kama nchi yake ilikuwa ndani ya 70 bora za FIFA na yeye amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za taifa lake kwa miaka miwili. Kenya ilikuwa mbali na 70 bora. Januari 2010 uhamisho wa Mariga kwenda Manchester City ulikwamia kwenye kibali hichohicho, akaenda Inter Milan. Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki, basi, bei ya kosa ilikuwa kubwa kuliko kwa mwenzake wa Senegal au Ghana: ilibidi aonekane wa kipekee mbele ya kamati ya rufaa, na klabu iliyomtaka ilibidi iamini kwamba inafaa kusumbukia makaratasi.

La pili ni kadi. Msimu wake wa mwisho Southampton, 2015-16, alitolewa kwa kadi nyekundu mara 3, moja ikiwa ya Februari 2016 kwa faulo dhidi ya Dimitri Payet wa West Ham. Zinastahili kusomwa vizuri. Anayecheza kwa kuwahi hukaa kwenye ukingo mwembamba: akifika pamoja na mpira anaitwa mkabaji hodari, akifika punde baadaye anaitwa mchafu. Tottenham walipomchukua Juni 2016 kwa pauni milioni 11, Pochettino alimpa Dembélé wa kuupokea mpira na mabeki wa kumfunika, na ukingo ule ukapanuka. Pengo la kosa lilikuwepo tangu zamani, timu ndiyo iliyolifunika.

Uhamisho huo wa 2016, ukilinganishwa na ule wa 2013, una upande wa fedha ambao vyuo vya soka vya kwetu vinapaswa kuujua. FIFA huamuru asilimia 5 ya bei ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Celtic kwenda Southampton ulikuwa uhamisho wa kimataifa kwa sababu Scotland na England zina vyama tofauti, kwa hiyo hadi pauni 625,000 zilikuwa za kugawanywa: kwa kanuni hiyo, kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya pauni 31,250, na kila mwaka kuanzia 16 una pauni 62,500. Southampton kwenda Tottenham ulikuwa wa ndani ya England, na kanuni ya wakati huo haikutoa kitu kwa klabu za nje. Mabadiliko ya kuhesabu pia uhamisho wa ndani wa mchezaji aliyelelewa nchi nyingine yalianza Julai 2020. Fedha hizi hazimfuati mtu nyumbani. Klabu isiyo na usajili wa mchezaji wenye tarehe, mwaka kwa mwaka, haina cha kudai.

Agosti 2017

Tarehe 20 Agosti 2017 Tottenham walifungwa na Chelsea 2-1 Wembley, na baada ya hapo goti la Wanyama likamweka nje mpaka Januari 2018.

Goti la namba 6, yaani kiungo mkabaji, hubeba mzigo tofauti na la winga. Winga hukimbia mbali, mara nyingi kwa mstari ulionyooka, na huchagua mwenyewe saa ya kusimama. Mkabaji hukimbia mita 5 hadi 10, anafunga breki ghafla, anageuka, anakimbia tena, na saa ya kusimama huchaguliwa na mpinzani. Kila breki inafungwa kwa mguu mmoja, goti limekunjwa, uzito wa mwili ukiongezwa mara kadhaa na kasi. Kuna tatizo jingine ambalo watazamaji hawalioni: goti likivimba, hata kidogo, neva hupunguza nguvu ya msuli wa paja la mbele. Maumivu yanaweza kuwa yamekwisha na mchezaji akajiona mzima, lakini breki yake imeshakuwa dhaifu. Kisha goti lililowahi kuumia huhitaji mapumziko zaidi baada ya mechi, maana yake mazoezi machache katikati ya wiki, na mazoezi yakipungua pumzi hupungua. Mchezaji anaweza kurudi kwenye orodha ya wazima na asirudi kwenye kazi yake.

Pigeni hesabu. Pasi kali husafiri kama mita 15 kwa sekunde, kwa hiyo pasi ya mita 20 hutumia sekunde 1.3 hivi. Huo ndio muda wote alionao mkabaji. Akikimbia mita 7 kwa sekunde, kuchelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kunamwacha nyuma kwa sentimita 70. Ni nusu hatua, karibu urefu wa mguu unaonyooshwa kuupokonya mpira. Kwa mshambuliaji nusu hatua ni nafasi moja iliyopotea. Kwa Wanyama ni tofauti ya kukuta mtu amekupa mgongo na kukuta ameshageuka.

Akilijua hilo, mchezaji hujikinga kwa njia mbili, na zote zina gharama. Anaweza kuondoka mapema kwa kubahatisha, na akikosea anaacha lango wazi. Au anasimama nyuma zaidi, karibu na mabeki, ili mbio zimpungukie. Hii ya pili ndiyo huonekana salama, na ndiyo huvunja timu inayokabia juu: kati yake na washambuliaji wake linazaliwa pengo, na wapinzani wanapokea mpira ndani yake, wanageuka, wanachagua. Hakuna kosa la kumwonyesha kidole, ila timu nzima inaanza kurudi nyuma.

Bao la Anfield liliwachanganya wengi. Tarehe 4 Februari 2018, akiwa ametoka benchi muda mfupi tu, alikutana na mpira uliopanguliwa na kipa wa Liverpool na kuupiga shuti la mbali ambalo lilichaguliwa bao bora la mwezi la Ligi Kuu. Mechi iliisha 2-2. Watu walisema amerudi. Shuti lile lilithibitisha kwamba mguu una nguvu, jambo ambalo halikuwa na shaka tangu mwanzo. Lilipigwa kwa kuufuata mpira uliokuwa ukimjia. Halikuhitaji breki.

Mlango uliobaki wazi

Ushahidi mzito zaidi ni wa msimu wa 2018-19. Tottenham hawakusajili mchezaji yeyote dirisha la kiangazi 2018, wala Januari 2019, na Januari hiyohiyo walimuuza Dembélé China. Kiungo mzima, mwenye umri wa Wanyama na aliyeaminiwa na kocha tangu Southampton, angepata namba siku hiyo bila kupingwa. Nafasi zilikwenda kwa Moussa Sissoko, aliyekuja kama kiungo wa pembeni, na kwa kijana Harry Winks. Wanyama alimaliza na mechi 13 za ligi. Alifungua mabao dhidi ya Huddersfield Aprili, mechi iliyoisha 4-0, kisha akaanzishwa Amsterdam.

Kumwanzisha usiku ule kulikuwa na mantiki. Ajax walipita katikati kwa pasi za haraka za Frenkie de Jong, na mtu wa kuzikata alihitajika. Tatizo ni kwamba Ajax ndiyo timu iliyokuwa mbaya kuliko zote kwa mkabaji aliyepoteza nusu hatua. Walicheza mguso mmoja, na kila pasi ilimlazimisha kufunga breki na kuanza upya. Llorente alipoingia, Tottenham waliacha kupigania katikati na kuirusha mipira juu yake.

Fainali ilikuwa Madrid tarehe 1 Juni. Wanyama alikaa benchi dakika zote, Liverpool wakashinda 2-0. Bao la pili lilifungwa na Divock Origi wa Ubelgiji, mtoto wa Mike Okoth Origi aliyeichezea Kenya. Na miaka tisa kabla, mwaka 2010, Mariga alikuwa benchi la Inter katika fainali iliyochezwa mji huohuo, naye hakuingia, ingawa alirudi na medali ya ubingwa.

Siku 22 baadaye Wanyama alikuwa Cairo na kitambaa cha unahodha. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walikuwa AFCON kwa mara ya kwanza tangu 2004, na penalti yake ilikuwa sehemu ya ushindi wa 3-0 dhidi ya Ethiopia, Kasarani, Oktoba 2018, uliosaidia kuwafikisha huko. Walifungwa na Algeria 2-0, wakaifunga Tanzania 3-2 baada ya kutanguliwa mara mbili, kisha Senegal wakawalaza 3-0. Pointi 3, nafasi ya tatu, safari ikaishia kwenye makundi.

Hapa lawama nyingi zilimwangukia nahodha, na hazikuwa za haki. Mashabiki walitaka wamwone Wanyama wa White Hart Lane, lakini yule alikuwa na Dembélé wa kumpa mpira na Alderweireld nyuma yake. Kwa Stars alitakiwa akabe, abebe, atoe pasi ya mwisho na apige penalti. Mchezaji aliyefundishwa kuutoa mpira kwa mguso wa pili anapoachiwa aubebe mita 30, ubora wake unageuka mzigo. Na hayo ni mbali na goti lililotoka kwenye msimu wa mechi 13.

Montreal

Kiangazi 2019 Tottenham walimleta Tanguy Ndombele kwa bei ya rekodi ya klabu na Giovani Lo Celso kwa mkopo. Mazungumzo ya Wanyama kwenda Club Brugge hayakukamilika kabla dirisha la Ubelgiji halijafungwa. Novemba Pochettino alifukuzwa, akaja José Mourinho, na kocha aliyejua jinsi ya kumfunika hakuwepo tena. Tarehe 3 Machi 2020 Wanyama alijiunga na Montreal Impact ya Canada, iliyofundishwa na Thierry Henry, siku chache kabla ya Korona kusimamisha ligi.

Wengi waliuona uhamisho huo kama kustaafu kwa heshima. Kilichotokea kinapinga. Chini ya kocha Wilfried Nancy, mwaka 2021 na 2022, klabu hiyo, sasa CF Montréal, ilicheza na mabeki watatu wa kati na kushika mpira kwa muda mrefu. Timu ikiwa na mpira, wachezaji wako karibu karibu, pasi inayopotea inapotea mita chache kutoka alipo, na mabeki watatu wanapunguza uwanja wa kulinda nyuma yake. Mwaka 2022 kijana Ismaël Koné alizifanya zile mbio ndefu. Goti lilikuwa lilelile, lakini breki za kufunga kwa mechi moja zilipungua. Walitwaa Ubingwa wa Canada 2021, na 2022 wakamaliza wa pili Kanda ya Mashariki kwa pointi 65, msimu wao bora katika MLS, ligi ya Marekani na Canada, Wanyama akiwa mchezaji wa kikosi cha kwanza.

Septemba 2021 alitangaza kustaafu timu ya taifa akiwa na mechi 64, alizoanza kuzihesabu Mei 2007 dhidi ya Nigeria akiwa na miaka 15. Alikuwa na miaka 30 tu. Kwa goti linalohitaji siku za ziada baada ya kila mechi, safari za Montreal hadi Nairobi kila dirisha la kimataifa huenda ndizo zilizokuwa za kwanza kukatwa. Akabaki Montreal hadi 2024, misimu mitano, zaidi ya alivyokaa klabu nyingine yoyote. Mwaka 2025 alirudi Scotland kwa muda mfupi, Dunfermline, daraja la pili. Kocha aliyemwita alikuwa Neil Lennon.